1 kwa 44: karatasi ya vipimo vya damu na mjamzito wa Bahi

Karatasi ilisema "1:44". Chini yake, kwa herufi nzito, "hatari kubwa", basi. Hatari yenyewe ni ya pre-eklampsia, presha ya mimba ambayo ikizidi huweza kuleta kifafa cha mimba. Mwenye karatasi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bahi, ana miaka 34, mimba ya kwanza. Mumewe anafanya kazi katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, na kabla hawajafika kliniki kwetu Dodoma mjini alikuwa ameshawapigia ndugu wa Dar es Salaam, nao wakahitimisha kuwa shemeji yao ana kifafa cha mimba. Hakuwa nacho. Presha siku hiyo ilikuwa 118/76, mkojo hauna protini, miguu haijavimba, kichwa hakimsumbui. Alichokuwa nacho ni hofu, na usingizi uliompotea tangu karatasi ile iingie kwenye simu ya mumewe.

Nakiandika kisa hiki, baada ya kubadilisha yale yanayoweza kumtambulisha, kwa sababu vipimo vya namna hii vimeanza kuwafikia wajawazito wetu kabla ya sisi wa kliniki kuvizoea. Karatasi moja ilibeba makosa mawili ya ujazaji na ilikosa swali moja la muhimu, lakini jibu lake la mwisho halikuwa mbali na ukweli. Inafaa kuona ilikuwaje.

Kilichopimwa

Damu ilichukuliwa kwenye maabara binafsi hapa mjini, ikapelekwa Dar, na kutoka huko ikasafirishwa nje ya nchi. Gharama ilitoka mfukoni, bima yake haikuigusa. Vilivyopimwa ni vitu viwili vinavyotengenezwa na kondo la nyuma: PlGF, ambayo ni protini inayochochea mishipa ya damu kukua, na PAPP-A, ambayo wengi wanaijua kwenye uchunguzi wa mtoto mwenye ugonjwa wa Down.

Mantiki yake ni hii. Kuanzia miezi ya mwanzo, chembe za kondo huchimba kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuipanua mishipa ya mama inayoleta damu pale. Kazi hiyo ikifanyika nusunusu, mishipa inabaki myembamba, kondo linakosa damu ya kutosha, na mama hajui lolote. Anakula, anafundisha, anapanda bodaboda kwenda kazini. Lakini kondo lenyewe tayari linatoa PlGF kidogo kuliko inavyotakiwa, na hilo huonekana kwenye damu kati ya wiki ya 11 na ya 13, miezi mingi kabla presha haijapanda. Baadaye kondo hilo humwaga protini nyingine, sFlt-1, inayoikamata PlGF na kuizuia isifanye kazi. Mwaka 2003 watafiti wa Boston, akiwemo Ananth Karumanchi, waliwapa panya wenye mimba protini hiyo, na panya wakapata presha ya juu na protini kwenye mkojo. Tangu hapo ugonjwa huu haukuonekana tena kuwa fumbo tupu.

Shemeji mmoja wa Dar alikuwa amesoma mahali kuhusu uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF na namba 38, akataka upimwe haraka. Uwiano huo una kazi yake, ila ni ya nusu ya pili ya ujauzito. Utafiti ulioitangaza namba 38, uliochapishwa 2016, uliwahusu wanawake wa wiki 24 hadi karibu 37 ambao tayari walikuwa wanashukiwa kuugua, na thamani yake kubwa ni kutuliza: aliye chini ya 38, uwezekano wa kuugua ndani ya wiki moja ni mdogo sana. Kwa mjamzito wa wiki 12 asiye na dalili yoyote, ni kuitupa pesa. Tukamwomba shemeji asubiri.

Tarehe

Hakuna anayeweza kuisoma PlGF kwa kuitazama namba ghafi. Huongezeka kila wiki, hushuka mama akiwa na uzito mkubwa, hubadilika kwa asili ya mtu na kwa uvutaji sigara. Kwa hiyo programu ya kompyuta hulinganisha namba ya mama na kiwango cha kati cha wanawake wa wiki zilezile na hali ileile, na kutoa kizidishio kinachoandikwa MoM. Moja kamili maana yake yuko pale pale walipo wengi. Mwalimu wetu alikuwa na 0.55, yaani amezidi kidogo nusu ya ilivyotarajiwa.

Ilivyotarajiwa kwa wiki ngapi? Fomu ilijazwa wiki 13 na siku 3, kwa kuhesabu kutoka hedhi ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Nikamuuliza kama hedhi zake zilikuwa za mpangilio. Akacheka. Alikuwa ameacha sindano ya miezi mitatu mwaka uliotangulia, na tangu hapo hedhi ilikuwa inakuja inavyotaka. Na kwenye mkoba, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la maandalio ya somo, ilikuwamo picha ya ultrasaundi iliyopigwa siku ileile ya kutoa damu, kwenye kituo kingine. Mtoto alikuwa na urefu wa milimita 47 kutoka utosini hadi makalioni. Hiyo ni wiki 11 na siku 3.

Wiki mbili nzima. PlGF ya mtu wa wiki 11 ilipimwa kwa kipimio cha mtu wa wiki 13, lazima ionekane imepungua. PAPP-A nayo hupanda kwa kasi katika kipindi hicho, ikaonekana vilevile. Aliyejaza fomu hakuwa na nia mbaya. Alinakili kilichokuwa kwenye kadi. Lakini ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza inapopishana na hedhi kwa zaidi ya wiki moja, ultrasaundi ndiyo inayofuatwa, na mtu yeyote anayetoa damu kwa ajili ya vipimo hivi angepaswa kuishika picha hiyo mkononi kabla ya kuandika chochote.

Tukawaandikia maabara. Wakahesabu upya kwa tarehe sahihi: 1 kwa 170. Mume akashusha pumzi hadi nikaisikia upande wa pili wa meza.

Furaha haikudumu, maana kulikuwa na kosa la pili. Kwenye sehemu ya asili ya mama palikuwa pamewekwa alama kwenye "nyingine", na kwa hiyo programu ilimlinganisha na wanawake wa Kizungu. Programu ya aina hii imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya wajawazito wa London, kazi iliyoongozwa kwa miaka mingi na Kypros Nicolaides, na huko ilionekana kuwa wanawake weusi wana PlGF na PAPP-A za juu zaidi kwa wastani, na wakati huohuo wanaugua zaidi. Ukimpima mwanamke mweusi kwa kipimio cha Mzungu, upungufu wake unafichika. Sehemu hiyo ikarekebishwa, tukaongeza na presha yake iliyopimwa vizuri, mikono yote miwili, amekaa, mgongo umeegemea, mara mbili kila mkono. Presha ya wastani ikatoka 90. Jibu la mwisho: 1 kwa 61.

Kwa hiyo kosa la tarehe liliipandisha hatari, kosa la asili likaishusha, na viwili hivyo vilipokutana vikakaribia kufutana. Ni bahati tu. Kwa mjamzito mwingine makosa yaleyale yangeweza kuelekea upande mmoja, na mimi sipendi kumtibu mtu kwa namba iliyo sahihi kwa bahati. Tena hata hiyo 61 siiamini kwa asilimia mia: wanawake weusi wa London si wanawake wa Bahi, na sehemu ya doppla, yaani ultrasaundi ya kupima mtiririko wa damu kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi, ambayo ni nguzo mojawapo ya hesabu hii, ilibaki tupu.

Maana ya 61

Niliwaambia hivi: tukichukua wanawake 61 wanaofanana na wewe kwa vipimo hivi, mmoja atapata ugonjwa huu kwa uzito wa kulazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki 37. Sitini hawatapata. Mume akauliza, "Sasa hatari kubwa iko wapi hapo, daktari?" Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa.

Hatari ni kubwa ukilinganisha na wengine, si kubwa yenyewe kwa yenyewe. Utafiti unaoitwa ASPRE, uliochapishwa 2017, uliwachagua wanawake 1,776 waliozidi 1 kwa 100 kwa hesabu ya namna hii. Nusu walipewa aspirini miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14 na kuendelea mpaka ya 36, nusu vidonge visivyo na dawa. Kwa wasiopata dawa, waliougua kabla ya wiki 37 walikuwa asilimia 4.3. Yaani hata miongoni mwa walioitwa wa hatari kubwa, zaidi ya 95 katika kila 100 hawakuugua mapema. Waliopata aspirini ilikuwa asilimia 1.6. Hapo ndipo thamani ya karatasi ilipo: kumtambua anayepaswa kumeza kidonge cha bei ndogo katika kipindi ambacho bado kinaweza kusaidia. Neno "ana kifafa" halimo.

Mama mzazi

Kwenye mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Marekani, mjamzito mwenye sababu mbili au zaidi za wastani anafaa aspirini hata bila kipimo chochote cha damu. Mimba ya kwanza ni sababu moja. Uzito wake ulikuwa kilo 81 kwa urefu wa sentimita 160, ambayo ni ya pili. Nikauliza kama katika familia kuna aliyewahi kupata presha au kuanguka akiwa mjamzito. Mwalimu akasema hapana, hakuna.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni, amejifunga kitenge, kimya tangu aliponijibu "marahaba". Akasema jambo kwa Kigogo, binti akamgeukia kwa mshangao. Nikamwomba mama anieleze na mimi.

"Dada yake wa kwanza," akasema. "Siku ya kujifungua alianguka, akang'ata ulimi. Mtoto hakuishi."

"Mwenyewe alipona, mama?"

"Alipona. Wakasema ni mambo ya ukoo, tukayanyamazia. Huyu alikuwa mdogo."

Mwalimu hakuwahi kuambiwa. Dada yake yupo hai, ana watoto watatu waliofuata, na habari ile ilikuwa imefungwa ndani ya nyumba kwa zaidi ya miaka 20. Cha kuchekesha kidogo, kama hapa pana cha kuchekesha, ni kwamba programu ya London inauliza kuhusu mama mzazi wa mjamzito tu. Dada haimo. Tungejaza fomu bila kosa hata moja, bado habari nzito kuliko zote isingepata pa kuingia.

Kwa hiyo uamuzi wa aspirini ulikuwa umeshafikiwa pale kwenye benchi, bila damu kusafiri kokote. Nasema hivyo nikijua upande wa pili wa hoja. Utafiti wa Uingereza ulioitwa SPREE, wa 2018, ulilinganisha njia ya maswali peke yake na njia ya maswali pamoja na presha, PlGF na doppla. Kwa wale walioishia kuugua kabla ya wiki 37, maswali yaliwanasa asilimia 40.8, njia kamili asilimia 82.4. Anayesema vipimo hivi ni anasa ya Wazungu ajibu kwanza hao zaidi ya nusu wanaopita katikati ya maswali. Mwalimu wetu hakuwa mmoja wao: sababu mbili alikuwa nazo tayari, na mama yake aliyekuja naye siku hiyo akaleta ya tatu.

Aspirini na duka la dawa

Tuliandika aspirini ya miligramu 75, vidonge viwili kila usiku, kuanzia wiki 12 na siku 5 hadi wiki ya 36, baada ya kuhakikisha hana vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na aspirini wala tatizo la kutokwa damu. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 75 kwa walio hatarini, ianze kabla ya wiki ya 20; sisi tulifuata kipimo cha ASPRE. Pamoja nayo kalisiamu, miligramu 500 kwa siku, isimezwe kwa wakati mmoja na vidonge vya kuongeza damu. Kipimo cha zamani kilikuwa gramu moja na nusu hadi mbili, mzigo wa vidonge ambao wengi huuacha njiani. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliofanyika India na Dar es Salaam, kwa wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza katika kila nchi, ukaonyesha kuwa miligramu 500 hazikuzidiwa na 1,500 katika kuzuia ugonjwa huu. Ni moja ya tafiti chache ninazoweza kumwambia mgonjwa kwamba walioshiriki ni Watanzania wenzake.

Jioni ileile simu ikaita. "Shikamoo daktari. Hapa dukani wananiambia aspirini inatoa mimba." Nilimwomba ampe simu muuzaji. Kijana mwenye adabu, alikuwa amejifunza kuwa mjamzito hapewi aspirini, na kwa vidonge vya miligramu 300 vya kutuliza maumivu, vinavyomezwa mara tatu kwa siku, ana haki ya kusita. Tukaongea, akaelewa, akatafuta ile ya 75 rafu ya juu. Lakini nawaza ni wangapi wanarudishwa dukani bila kupiga simu. ASPRE yenyewe ilipochambuliwa zaidi ilionyesha kuwa waliomeza karibu vidonge vyote walifaidika kuliko walioruka siku. Cheti cha dawa kisichoeleza sababu, kwa Dodoma, ni nusu ya tiba. Siku hizi tunaandika juu ya cheti kwa Kiswahili: "Ya kuzuia presha ya mimba. Meza usiku. Usiache bila kuuliza."

Kilichotokea

Wiki zilizofuata hazina mengi. Alikuja kila baada ya wiki mbili au tatu, presha ikipimwa kwa kitambaa cha mkono mnene, kwa sababu kile cha kawaida humpa mtu wa unene wake namba za juu zisizo zake. Wiki ya 28 mtoto alikuwa anakua vizuri. Wiki ya 33 shemeji alirudi na namba yake ya 38. Presha ilikuwa ya kawaida, mkojo safi, hana dalili, tukamkatalia tena. Tulimkumbusha mwalimu dalili za kuogopa: kichwa kikali kisichotulia, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla. Na kwamba akiwa Bahi usiku ikitokea mojawapo, asisubiri kupambazuke wala gari la jirani. Apige 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, bure.

Wiki ya 37 na siku 2 presha ilikuwa 146/94. Baada ya saa nne, 148/96, mkojo una protini ya alama mbili. Kichwa hakiumi. Chembe sahani za damu na vipimo vya ini viko sawa. Kwa hiyo ugonjwa ulikuja, na kwa wiki hizo hapakuwa na sababu ya kungoja: alilazwa, akaanzishiwa uchungu, magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, ikiwa imeandaliwa kwenye toroli endapo hali ingebadilika. Haikubadilika. Alijifungua mtoto wa kike wa kilo 2.8, akalia papo hapo.

Hapa tarehe ilirudi kudai haki yake. Kwa hesabu ya hedhi siku hiyo angekuwa na wiki 39 na siku 2. Kama presha ingepanda majuma mawili mapema, kadi ingetuambia mtoto amefikisha 37, kumbe ana 35, na tungemtoa bila hata kufikiria mapafu yake.

Siku ya nne baada ya kujifungua presha ilifika 154/102. Hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, presha hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati wengi wameshakwenda nyumbani kwa mama mkwe wakinywa uji. Nifedipini kwa wiki kadhaa, ikashuka.

Mume alisema dawa haikufanya kazi. Simlaumu. Lakini aspirini inayoanzwa mapema huzuia zaidi ule ugonjwa unaokuja kabla ya wiki 37. Kwa ule wa mimba iliyokomaa msaada wake ni mdogo, na ASPRE haikuona tofauti ya maana hapo. Je, angeugua wiki ya 32 bila aspirini? Huenda. Huenda pia angeugua wiki ya 37 vilevile. Mgonjwa mmoja hawezi kulijibu swali hilo, ndiyo maana tafiti huhitaji maelfu.

Wenzangu kadhaa wameniuliza kama Dodoma tuanze kupima PlGF sisi wenyewe. Ningependa, siku moja. Lakini nikipewa fedha leo nitaanza na vitambaa vya presha vya saizi mbili katika kila zahanati kuanzia Kigwe hadi Mpwapwa, vijiti vya kupimia mkojo visivyoisha katikati ya mwezi, na ultrasaundi ya kupata tarehe kabla ya wiki ya 14. Wengi wetu bado tunawapokea wajawazito mwezi wa tano, dirisha la wiki 11 hadi 13 limeshafungwa, na aspirini imebakiza wiki chache za kuanzwa kwa faida. PlGF bila tarehe sahihi, mmeona ilivyokuwa. Na mashine bila mtu wa kusoma jibu lake itatuzalishia "1:44" nyingi kwenye simu za watu.

Walipokuja kliniki ya wiki sita, mume alikuwa na swali moja: mimba ijayo wapeleke tena damu nje? Tulimjibu hapana. Aliyewahi kupata ugonjwa huu anastahili aspirini kwa historia yake tu. Tukaandika kwenye kadi ya mama, tukaandika na kwenye daftari lake la maandalio kwa sababu ndilo asilolipoteza: aje mara tu hedhi ikikosekana, ultrasaundi ya tarehe kwanza, aspirini kuanzia wiki ya 12, na presha ipimwe walau mara moja kila mwaka hata akiwa hana mimba.